Watatu, Filimbi Moja

Kiwanja kisicho na nyavu humlazimu mwamuzi kuamini macho ya mwenzake. Upande wa magharibi wa Likasi, mji wa Katanga nchini Kongo, kwenye njia inayoelekea Shinkolobwe, viwanja vya namna hiyo si haba: nguzo mbili za miti, mwamba wa juu uliofungwa kwa kamba au usiokuwepo kabisa, mistari iliyochorwa kwa majivu au kwa kisigino, na kando yake kichuguu kirefu kupita nyumba, ambacho watazamaji hukipanda na kukifanya jukwaa. Mpira ukipigwa kwa nguvu ukapita karibu na nguzo, mfungaji huruka kushangilia, na kipa hunyoosha mkono kuonyesha kwamba umepita nje. Mwamuzi wa kati yuko hatua thelathini nyuma, vumbi jekundu limemwingia machoni. Mshika kibendera yuko karibu na kona, ameona kutoka pembe nyingine. Wanatazamana. Mmoja anaamini ni goli, mwingine anaamini si goli, na umati uliojaa kichuguuni umekwisha kuamua kabla yao.

Nataka kuwasifu hao wawili, na yule wa tatu aliye upande wa pili wa uwanja. Hukosana, tena mara nyingi kuliko watazamaji wanavyojua. Ninachokisifu ni namna wanavyokosana, kwa sababu hiyo ni kazi ya ufundi kama ilivyo kazi ya seremala au ya mshonaji, nayo hufanywa na watu wanaolipwa nauli na chupa ya maji, pengine na franka chache zisizotosha kununua kiatu kipya.

Jina la Shinkolobwe limezunguka dunia kwa sababu nyingine. Mwaka 1915 Mwingereza Robert Rich Sharp aligundua pale madini ya urani. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga ilianza kuyachimba mwaka 1921, kwanza kwa ajili ya radiamu, na wakati wa Vita vya Pili vya Dunia mkurugenzi wake, Edgar Sengier, aliiuzia Marekani mawe yaliyotoa sehemu kubwa ya urani ya mabomu ya kwanza ya nyuklia. Mgodi ukafungwa na kuzibwa kwa zege kabla ya uhuru wa 1960. Mwishoni mwa miaka ya 1990 wachimbaji wadogo waliingia kutafuta kobalti. Januari 2004 amri ya rais ikalifunga eneo. Julai mwaka huohuo ardhi iliporomoka ikaua watu, kisha makazi ya wachimbaji yakabomolewa na wenyewe wakatawanyika. Nayataja haya kwa sababu watu wa upande huu wamezoea maamuzi yanayokuja kwa karatasi kutoka mbali, yasiyoulizika. Kiwanjani uamuzi hutolewa na mtu anayeonekana, mwenye vumbi lilelile miguuni, ambaye kila mtu anajua anakaa mtaa gani. Akiwa Panda au Kikula, Jumatatu utakutana naye sokoni. Uamuzi wa mtu kama huyo unapimwa kwa njia iliyoufikisha, na njia hiyo hupita kwa wenzake wawili.

Wengi hudhani mwamuzi wa kati aliumbwa kwanza, kisha akaongezewa wasaidizi. Mambo yalikwenda kinyume. Katika Uingereza ya karne ya 19 kila timu ilikuja na mwamuzi wake, mmoja kila nusu ya uwanja, naye hakuamua neno mpaka wachezaji wamlalamikie. Wawili hao wakishindwa kupatana, shauri lilipelekwa kwa mtu wa tatu aliyesimama nje ya mstari na saa yake. Mwaka 1891 sheria ikabadilishwa: yule wa nje akaingizwa katikati ya uwanja na kupewa mamlaka, na wale wawili wakasogezwa pembeni na vibendera vyao. Mwaka huohuo nyavu zilizobuniwa na mhandisi wa Liverpool, John Alexander Brodie, zilianza kutumika golini, maana ugomvi wa kama mpira umepita ndani au nje ya nguzo ulikuwa umewachosha hata Waingereza. Sisi wa njia ya Shinkolobwe tumepokea filimbi ya 1891; nyavu za 1891 bado tunazingoja. Lakini jambo kubwa katika historia hiyo ni hili: mwamuzi wa kati amezaliwa na kutopatana kwa wawili. Kama wale wa kwanza wangeona kitu kimoja siku zote, yeye asingehitajika. Anayesema kwamba waamuzi wazuri hawatofautiani hajui kazi hii ilitoka wapi.

Kazi huanza kabla ya mechi, chini ya mti au nyuma ya darasa la shule iliyo jirani. Watatu hukaa, na wa kati husema anavyotaka siku iende. Hapo ndipo utamjua fundi. Asiye fundi hutoa hotuba kuhusu nidhamu na umoja. Fundi huzungumza juu ya macho. Anajua kwamba mshika kibendera anayefuata mstari wa beki wa pili kutoka mwisho, ili aone kuotea, hawezi kuwa papo hapo kwenye mstari wa goli. Kwa hiyo atasema: mpira ukipigwa kutoka mbali, mimi nitautazama mpira, wewe tazama nguzo. Tukikosana kuhusu nani arushe mpira karibu na benchi, fuata mkono wangu. Tukikosana kuhusu goli, usiinue mkono kupinga, simama ulipo tu nami nitakuja.

Katika kusimama huko kuna lugha kamili. Mshika kibendera aliyeridhika na goli hugeuka akakimbia kando ya mstari kurudi katikati. Mwenye shaka habanduki. Watazamaji wanashangilia, wachezaji wamepandana mabegani, na katika vurugu hiyo yote mtu mmoja amesimama wima na kibendera chake. Mwamuzi asiyemtafuta mtu huyo kwa macho kabla ya kuelekeza mkono katikati ya uwanja hajafanya kazi yake. Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Uwanjani mwenye macho huambiwa, tena akiwa ameshika filimbi ndiye anayestahili kuambiwa kuliko wote, kwa sababu anakimbia, anahema, na miili ishirini na miwili inapita mbele yake.

Kisha yanakuja yale mazungumzo. Nimekaa kando ya mistari ya Likasi nikiyatazama kwa makini, na naamini ndani ya sekunde kumi hizo kuna ustadi ambao mahakama nyingi hazina. Wawili husimama bega kwa bega, nyuso zikielekea uwanjani ili wasipoteze ya kule. Hakuna anayetikisa kichwa wala kurusha mikono. Makapteni wamezuiwa mbali. Mwamuzi asiye stadi huuliza, "Ni goli au si goli?" Kwa swali hilo amemkabidhi mwenzake filimbi, na kama jibu litaleta fujo amekwisha kupata wa kumtupia lawama. Stadi huuliza, "Umeona nini?" Mwenzake hujibu kwa alichokiona na hachukui uamuzi: mpira ulipita upande gani wa nguzo, mkono wa beki ulikuwa wapi, nani aligusa mwisho. Swali la pili, kama lipo, huwa ni "Ulikuwa umesimama wapi?" Majibu hayo mawili yakikutana na kile alichokiona wa kati mwenyewe, uamuzi hujitokeza. Wa kati anaweza kuufuata ushahidi wa mwenzake au kuuacha. Sheria ya 5 ya mpira wa miguu imempa neno la mwisho. Lakini ameuliza kwanza, na aliyeulizwa vizuri haoni aibu kutofuatwa.

Sheria hiyohiyo imeweka mpaka ambao naupenda sana. Mpira ukishaanza tena, uamuzi haubadiliki hata kama watatu wote wametambua kwamba walikosea. Mshika kibendera aliyekumbuka baada ya kuanza upya anabaki na kumbukumbu yake mpaka mwisho wa mechi. Mpaka huo unalazimisha watu waseme yao kwa wakati. Katika ndoa, katika kanisa, katika ofisi ya mtaa, tofauti huwekwa akiba na kutolewa baada ya miaka mitatu. Uwanjani una muda wa kipa kuokota mpira.

Mpira wa wavu umeliandika jambo hili kwa usahihi kupita michezo yote ninayoijua. Kanuni zake zinamruhusu mwamuzi wa pili kuonyesha kwa ishara kosa lililo nje ya mamlaka yake, bila kupiga filimbi, lakini zinamkataza kushikilia neno lake mbele ya mwamuzi wa kwanza. Onyesha, usishikilie. Naye wa kwanza amepewa haki ya kufuta uamuzi wa wasaidizi wake akiona wamekosea. Mtu aliyeandika kanuni hiyo alijua udhaifu wa pande zote mbili: woga wa kutosema kabisa, na kiburi cha kusema mpaka mwenzako ashindwe.

Kwetu woga ndio mkubwa, na chanzo chake ni kizuri: ni heshima. Likasi si mahali ambapo kijana humwambia mzee "umekosea" mbele ya watu. Mwamuzi wa kati mara nyingi ni mtu mzima, mwalimu au fundi wa karakana, ambaye kijana wa kibendera humwita Papa. Akiwa amemzidi miaka michache humwita Yaya. Nyumbani, kijana akiona mzee amepotoka hunyamaza, au hupitia kwa shangazi, na baada ya siku mbili tatu neno humfikia mzee likiwa limelainishwa. Uwanjani hakuna shangazi. Ndipo ninapokiona kibendera kuwa chombo cha ajabu. Kinamwezesha mtoto kumpinga baba bila kufungua kinywa. Hajasema kitu, ameinua kitambaa tu, kama alivyoagizwa na mzee mwenyewe chini ya mti. Na ikifika zamu ya kuongea, adabu ya lugha yetu humsaidia: "Papa, mupira ilipita inje ya poto." Hakuna "umekosea" ndani ya sentensi hiyo. Kuna mpira, kuna nguzo, na kuna mahali mpira ulipopita. Mzee anayejua kazi hujibu "Aksanti, mwana," anageuka, anaonyesha mkwaju wa goli, na umati unampigia kelele kwamba arbitri amenunuliwa.

Ujasiri wa mzee huyo haupati sifa inayostahili. Kubadilisha uamuzi mbele ya watu, kabla mpira haujaanza, kwa neno la kijana wa miaka 19, ni jambo zito kuliko kutoa kadi nyekundu. Wapo wasioweza. Wapo wanaomjibu kijana, "Wewe bado mtoto," kisha wakapiga filimbi. Matokeo yake hayaonekani papo hapo. Yanaonekana kipindi cha pili, ambapo kibendera cha upande ule kinainuliwa kwa mipira ya kurusha tu. Kijana haoni tena kuotea, haoni mkono, haoni kiwiko. Macho yake ni mazima, ila hayafanyi kazi kwa mtu aliyeyadharau, na mwamuzi wa kati ameanza kuchezesha mechi kwa jicho moja bila kujua.

Mfano mchungu kuliko yote wa mwamuzi aliyekosa macho ya pembeni umegusa nyumba yetu. Tarehe 18 Juni 1974, mjini Gelsenkirchen, Ujerumani Magharibi, Zaire, yaani Kongo ya wakati huo, ilicheza na Yugoslavia katika Kombe la Dunia na kufungwa 9–0. Alama hizo ndizo zinazokumbukwa, lakini kuna jambo lililotokea dakika ya 22. Wachezaji wa Zaire walimzunguka mwamuzi Omar Delgado wa Kolombia wakipinga goli, na mmoja wao akampiga teke. Aliyepiga alikuwa Mwepu Ilunga, beki wa TP Mazembe ya Lubumbashi. Aliyetolewa nje ni Ndaye Mulamba, mshambuliaji ambaye miezi mitatu tu nyuma alikuwa amefunga magoli 9 katika Kombe la Mataifa ya Afrika nchini Misri, rekodi ya mashindano mamoja ambayo haijavunjwa mpaka sasa. Ndaye alilalamika. Haikusaidia. Baadaye Mwepu mwenyewe alisema wazi kwamba teke lilikuwa lake, lakini uamuzi ulikwisha kusimama, na Ndaye hakucheza mechi iliyofuata dhidi ya Brazil.

Mtu aliyepigwa teke katikati ya kundi la watu ni wa mwisho kujua nani amempiga. Amechomwa, amekasirika, na anayemwona mbele ya uso wake kwanza ndiye atakayebeba. Hiyo ndiyo dakika ya kupiga hatua kumi kwenda kwenye mstari, ageuke, apumue, aulize, "Umeona nini?" Watu wa mataifa mbalimbali walikuwa uwanjani, na haki ya mtu mmoja ilihitaji sauti ya mmoja tu aliyekuwa na pembe nzuri. Ndaye alifariki mwaka 2019, Mwepu mwaka 2015. Kila mara watu wa Katanga wanapocheka ule mpira wa adhabu wa mechi ya Brazil, ambao Mwepu aliukimbilia na kuupiga kabla ya Wabrazili, natamani wakumbuke pia mwenzake aliyetoka nje kwa kosa lisilo lake, kwa sababu yanayofanana na hayo hutokea kila Jumapili katika viwanja ambavyo hakuna anayeandika.

Lugha nayo ina sehemu yake. Katika fainali ya Kombe la Dunia ya 1966 uwanjani Wembley, dakika ya 101, mpira wa Geoff Hurst uligonga mwamba na kudunda chini. Mwamuzi Gottfried Dienst wa Uswisi hakuwa na hakika. Alimwendea mshika kibendera wake, Tofiq Bahramov kutoka Azabajani ya Kisovieti, na wawili hao hawakuwa na lugha moja ya kuelewana vizuri. Kichwa kikainamishwa, filimbi ikalia, na Wajerumani hawajakubali mpaka leo. Dienst alifanya sahihi kwenda kuuliza. Alichokosa ni lugha ya kusikilizia jibu refu, lile lenye "nilikuwa nimesimama hapa" na "nimeona hiki, sikuona kile."

Likasi ina lugha kwa wingi. Migodi na reli vilileta watu kutoka kila upande, na katika waamuzi watatu unaweza kumpata mwenye Kisanga, mwenye Kibemba na mwenye Tshiluba, wote wakiwa na Kifaransa cha shule na Kiswahili cha mtaani. Hapa ustadi una masharti yake. Wawili wakinong'onezana kwa lugha ya nyumbani huku wa tatu haelewi, hata kama wanasema ukweli mtupu, wamekwisha kuharibu. Watazamaji wanasikia, na wanahesabu. Mji huu unajua hesabu hiyo ilifika wapi. Mwaka 1992 na 1993 familia zenye asili ya Kasai, nyingi zikiwa na watoto na wajukuu waliozaliwa hapahapa, zilifukuzwa majumbani. Makumi ya maelfu ya watu walilala kwenye stesheni ya Likasi na katika shule wakingoja treni ya kuwapeleka Kasai ambayo wengi wao hawakuwahi kuiona, na wengi walikufa wakingoja. Waliofukuza na waliofukuzwa walikuwa wamecheza mpira pamoja.

Kwa hiyo ninapomwona mwamuzi mwenye jina la Kasai na mshika kibendera mwenye jina la Katanga wakitofautiana juu ya penalti dakika ya 80, wakizungumza Kiswahili ambacho kila mtu anakielewa, mmoja akisema "nimeona mguu umefika kwanza kwenye mpira" na mwingine akisema "sawa, kona," siwezi kuitazama kama habari ya mpira peke yake. Wametofautiana kuhusu kitu kilichotokea. Swali la nani ametoka wapi halikuingia. Mji ulioona vita vya majina unahitaji mahali ambapo watu huzoea kutofautiana kuhusu kilichoonekana, na ninajua mahali pachache panapofanya hivyo mara kwa mara na hadharani kama mstari wa pembeni wa uwanja.

Wakati mwingine tofauti hulazimu wasaidizi wachukue hatua kubwa kuliko kuinua kibendera. Tarehe 12 Januari 2022 mjini Limbe, Kameruni, jirani yetu Janny Sikazwe wa Zambia alichezesha Tunisia na Mali katika Kombe la Mataifa ya Afrika. Joto lilikuwa kali. Alimaliza mechi dakika ya 85, ikabidi iendelee, kisha akaimaliza tena sekunde chache kabla ya dakika ya 90. Baadaye ikaamuliwa mechi iendelezwe kwa dakika zilizobaki chini ya mwamuzi wa nne. Mali walirudi uwanjani, Tunisia hawakurudi, na ushindi wa Mali wa 1–0 ukabaki. Sikazwe alieleza baadaye kwamba joto lilikuwa limemwathiri vibaya. Wengi walimcheka. Mimi nawaza juu ya wenzake. Mwamuzi aliyezidiwa na joto hawezi kujua kwamba amezidiwa. Wanaoweza kujua ni wale walio karibu naye, na muda wao ni mfupi mno. Kumwambia mwenzako "leo huwezi kuendelea, nipe filimbi" ni tofauti ya mwisho kabisa kati ya waamuzi, na inataka mtu aliyejenga naye uaminifu kabla ya siku hiyo. Oktoba ya Haut-Katanga, kabla mvua hazijaanza, ina joto la kutosha kwa jambo hilo kutokea kwetu pia.

Baada ya mechi watatu hurudi chini ya mti wao. Hapo tofauti zilizofungiwa na kanuni hufunguliwa. Kijana anasema: dakika ya 30 nilisimama, hukunitazama. Mzee anasema: dakika ya 60 uliinua mapema, ungengoja uone nani anaufuata mpira. Kikao kizuri huwa na maneno makali na hakina watazamaji. Kosa baya kuliko yote katika kazi hii hutendeka nje ya kikao hicho: mshika kibendera anapokutana na kocha aliyefungwa na kumnong'oneza, "Mimi nilimwambia, hakunisikia." Kwa sentensi hiyo amenunua usalama wake kwa ngozi ya mwenzake, na Jumapili ijayo hakuna atakayesimama bega kwa bega naye. Asiyeridhika ana njia mbili safi: kikao cha watatu, na ripoti kwa Entente inayosimamia ligi.

Kuhusu ripoti sikubaliani na waamuzi wengi ninaowaheshimu. Wao hushauri kwamba watatu waandike maneno yaleyale, ili kamati isipate mwanya. Mimi naona umoja unahitajika kati ya filimbi ya kwanza na ya mwisho, kwa sababu wachezaji ishirini na wawili hawawezi kucheza chini ya maneno matatu. Kamati imekaa mezani, ina muda, na kazi yake ni kujua. Kama mchezaji atafungiwa mechi tano kwa ushahidi wetu, basi kila mmoja aandike alichokiona yeye, na kama wa kushoto hakuona, aandike kwamba hakuona. Ripoti tatu zinazotofautiana kidogo huaminika kuliko tatu zilizonakiliwa, na Ndaye Mulamba angepona kwa ripoti ya namna hiyo.

Nina ombi moja kwa wanaopanga waamuzi wa ridhaa wa Likasi na viunga vyake. Watatu wapangwe pamoja msimu mzima. Desturi ya kuwachanganya kila wiki inatokana na hofu ya hongo, na hofu hiyo naielewa. Lakini hata dunia ilijifunza. Katika Kombe la Dunia la 2002, robo fainali ya Hispania na Korea Kusini mjini Gwangju ilichezeshwa na Mmisri, Gamal Al-Ghandour, akiwa na wasaidizi wawili, mmoja kutoka Uganda na mwingine kutoka Trinidad na Tobago. Goli la Fernando Morientes lilikataliwa kwa kudaiwa kwamba mpira ulikuwa umetoka nje kabla ya krosi, na picha zikaonyesha vingine. Hispania ikatoka kwa penalti. Kuanzia Kombe la Dunia la 2006 FIFA iliteua waamuzi kwa vikundi vya watatu, wa nchi moja au wa bara moja, waliokwisha kufanya kazi pamoja. Tarehe 18 Januari 2022 mjini Yaoundé, Salima Mukansanga wa Rwanda alipokuwa mwanamke wa kwanza kushika filimbi katika Kombe la Mataifa ya Afrika la wanaume, wasaidizi wake wote wawili walikuwa wanawake pia.

Likasi tuna wasichana wanaoshika vibendera katika mechi za shule, na wazee waliobakiza miaka michache ya kukimbia. Mzee mmoja, msichana mmoja na kijana mmoja wakikaa chini ya mti uleule kila Jumapili, kufikia mechi ya nne msichana atakuwa amejua kwamba Papa huyu akikunja mkono nyuma anataka kuulizwa, na Papa atakuwa amejua kwamba huyu akisimama hana mzaha. Kamati inayoogopa hongo imtume mkaguzi bila kutangaza na iwasikilize makapteni. Hiyo ni kazi yake. Kuzoeana kwa watatu kunataka mechi nyingi mfululizo, na kwetu mvua za Novemba hadi Machi hugeuza viwanja kuwa matope, kwa hiyo orodha itolewe Aprili, mapema, na nakala ibandikwe mahali ambapo hata wa vijiji vya njia ya Shinkolobwe wataiona.